Pikapu Niliyoiuza Bado Inaitwa Delmar

Kwa Bi. Mhariri,
Gazeti la Sauti ya Bonde,
Dry Willow, Nebraska.

Ndugu Mhariri,

Natumaini wewe na mitambo yako ya kuchapia mko salama. Mimi siko salama, na chanzo ni ukurasa wako wa matangazo madogo.

Nilikuletea tangazo la kuuza pikapu yangu nyekundu kwa amri ya mke wangu, Arlys, aliyetaka gari dogo lenye viti vinavyopasha moto makalio. Naomba sasa niwasilishe malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Tangazo lako lilifanya kazi. Niliandika "imetunzwa vizuri, imetembea maili laki tatu na themanini elfu" nikiamini kabisa kwamba hakuna mwenye akili timamu atakayepiga simu. Wilayani kwetu "imetunzwa vizuri" husemwa juu ya gari lolote ambalo milango yake bado inafunga. Kwa bahati mbaya yangu ilikuwa imetunzwa kweli. Oili nilimwaga na kubadilisha mwenyewe, breki ni mpya, na chini kote nimepaka grisi isipate kutu. Mwalimu mpya wa muziki, Bwana Tobin Skarda kutoka Omaha, alikuja, akaiwasha, ikawaka hapo hapo, akaondoka nayo. Hata bei hakubishania, jambo lililoniudhi zaidi.

2. Hapa kwetu dereva hasalimii dereva, anasalimia pikapu. Unainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, na mwenzako anainua chake. Sasa salamu zangu zote anapewa Tobin, asiyezijibu. Wiki ya kwanza alikuwa akisimama njiani kukagua matairi, akidhani watu wanamwonyesha pancha. Kwa hiyo mimi ndiye ninayesemwa kwamba nimeota kiburi. Nikiinua kidole ndani ya kigari changu cha kijivu, wananitazama kama mtalii aliyepotea.

3. Mkahawani, mhudumu Dwyla humimina kahawa yangu mara tu aionapo pikapu ikiegeshwa nje. Siku hizi anainywa Tobin, ya moto. Nilipolalamika alinijibu mbele ya watu: "We mzee Delmar, ukitaka kahawa yako njoo na gari lako!"

4. Tobin huenda kuvua samaki Jumapili. Mchungaji aliiona pikapu bwawani alipokuwa akija ibadani, akaniombea hadharani nirudi kundini. Nilikuwa nimekaa mbele yake. Nikaitikia amina, ningefanyaje?

5. Hili ndilo linaloniumiza. Kila Alhamisi Tobin humfundisha piano mjane Verlene Kosmicki, na pikapu hukaa mlangoni kwake mpaka jua lizame. Arlys alipigiwa simu na kina mama kadhaa kabla viazi havijaiva. Anajua fika tuliiuza, maana ni yeye aliyemkabidhi Tobin funguo. Lakini akaniambia: "Najua si wewe, mzee. Ila mji mzima umeshanipa pole, na wengine wameleta keki. Nitaanzaje kuzirudisha?" Ndugu Mhariri, mke wangu wa ujana anakula keki za talaka yangu, na anazisifia! Naona aibu, na moyo unaniuma.

Kwa heshima zote naomba utangaze ukurasa wa kwanza kwamba pikapu ile si mimi. Pili, Tobin aipake rangi ya manjano. Asipotaka, basi ajifunze kuinua kidole, ahudhurie ibada, na amwambie Verlene piano imetosha. Yote yakishindikana, wilaya inipe jina jingine, kwa kuwa hili la sasa limekwenda pamoja na magurudumu.

Nisalimie wapiga chapa wako wote, na mumeo pia, ambaye jana alinipita barabarani bila hata kupepesa jicho.

Wako mwenye masikitiko,
Delmar Vopat.

Tanbihi: Tafadhali usiichapishe barua hii. Jumamosi nilimwambia Arlys mgongo unaniuma, akaenda peke yake kwenye sikukuu ya kuzaliwa ya mama yake. Nami nikaazima pikapu kwa Tobin, nisikilize tu kama injini inagonga. Haigongi. Nilizunguka wilaya nzima nikicheka peke yangu. Watu wanne wamempigia Arlys simu kumwambia wameniona, naye amewafokea wote kwamba wamezoea kunisingizia. Waache hivyo hivyo, Ndugu Mhariri. Nimeshaiomba tena kwa Jumamosi ijayo.