Katekista wa Nyuma ya Posho Mill

Kim wa Kayole hakuwahi kuiba kitu cha mtu. Hilo alilisema mwenyewe kwa fahari, na ni kweli, kwa sababu watu walimpa. Mimi ni mmoja wa waliompa, kwa hiyo mkicheka, chekeni mkijua benchi la wajinga ni refu na nafasi bado ipo.

Mambo yalianza Jumatatu moja nje ya ofisi ya parokia. Kim alikuwa amepita tu kutafuta kivuli, akamwona msichana analia na kijana mwenye mikono ya grisi akimpapasa bega kama anayetafuta swichi ya taa. Akasogea, maana Kim na mtu mwenye shida hawapitani hivi hivi.

Walikuwa Clare na Sylvance, wachumba. Father alikuwa amewaeleza kwa upole kwamba harusi ya kanisani ina taratibu zake. Wote wawili hawajabatizwa, basi waingie kwanza darasa la wakatekumeni, kila Jumamosi asubuhi mpaka Pasaka, wabatizwe, na majina yao yatangazwe misani Jumapili tatu ili mwenye pingamizi aseme. Sasa Sylvance anachomelea mageti huko Baba Dogo, na Jumamosi mwenye karakana hampi mtu ruhusa hata ya kwenda kuzika. Babake Clare naye ameapa kwamba harusi ya serikali kwa DC hatakanyaga.

Kim akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu mwenye cheo.

"Poleni sana," akasema. "Mimi ndiye katekista wa wafanyakazi. Darasa langu ni Jumapili alasiri."

Darasa hilo lilikuwa na umri wa sekunde nne. Kufikia mwisho wa mwezi lilikuwa na wanafunzi kumi na wanane, nikiwemo mimi, mtu mzima mwenye diploma. Tulikutana kwenye chumba nyuma ya posho mill moja huko Mowlem, tukitoka tumepakwa unga kichwani. Ada tuliituma kwa simu ya mhazini. Vyeti vya ubatizo Kim angevichapisha cyber, avigonge mhuri wa kuchongewa, na wiki ya Pasaka asionekane tena.

Mhazini alikuwa Aoko, mama wa Shirleen, mwanamke aliyeishi na Kim miaka tisa kwa mtindo wa come-we-stay. Kim alitumia namba yake ili mambo yakiharibika, jina lake mwenyewe lisipatikane popote. Huo ndio ujanja.

Aoko alibatizwa akiwa mtoto kwao Siaya. Lakini kwa kuwa anaishi na mwanamume bila ndoa ya kanisa, hapokei komunyo. Miaka tisa, kila Jumapili, watu wakipanga foleni kwenda altareni yeye hubaki kwenye benchi, akivuta magoti pembeni ili wengine wapite. Hicho ndicho kilichomuuma, na alimwambia Kim wazi kwamba kinamuuma. Kim alikuwa na jibu moja. "Mama Shirleen, ningependa sana. Lakini mimi sijabatizwa, na kanisa halitakubali." Alilisema kwa huzuni nzuri hata yeye mwenyewe akajionea huruma.

Shida ya katekista wetu ilikuwa ndogo tu: hakujua dini. Alimjua Nuhu, na Krismasi aliijua kwa sababu wateja huisha mjini. Basi ikambidi kila Jumamosi aende kwenye darasa halisi la parokia, la Mzee Ndeti, akae nyuma, anakili kila neno, kisha Jumapili atuuzie sisi likiwa bado moto. Mzee Ndeti hakukubali mtu bila kitambulisho, kwa hiyo Kim akaandikwa jina lake kamili: Kimani Ngigi.

Na sisi tulimsumbua. Clare alitaka kujua kwa nini mtoto mchanga abatizwe ilhali hana dhambi. Mimi niliuliza maswali ya kuonyesha diploma. Kim alituahidi jibu wiki ijayo, akalipeleka swali kwa Mzee Ndeti, na mzee akaona hajawahi kupata mwanafunzi mwenye kiu ya imani namna hiyo. Hakukosa Jumamosi hata moja. Mvua iliponyesha, walikuwa wawili tu ukumbini, Kim na mzee.

Fomu alizopewa alizitia sahihi zote bila kusoma. Mtu anayeishi kwa karatasi za uongo, za kweli humchosha. Siku moja Father alimwita ofisini akamuuliza kama kuna yeyote anayemlazimisha. "Hakuna, Father," Kim akajibu, "nimekuja kwa hiari yangu." Akaliandika swali hilo kwenye daftari, akatuuliza na sisi Jumapili iliyofuata.

Jumamosi kabla ya Jumapili ya Matawi, Kim alienda kuchukua somo la mwisho. Begi lilikuwa tayari limefungwa. Mzee Ndeti akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Hongera, Kimani. Tumesoma Jumapili tatu, hakuna aliyepinga."

"Aliyepinga nini, mzee?"

"Ndoa yako na Aoko. Fomu aliijaza yeye, sahihi umeweka wewe mwenyewe."

Sisi tulikuwa tumesikia matangazo hayo yote matatu, na mara ya tatu tulipiga makofi. Hatukumwambia kwa sababu tulidhani bwana harusi huwa anajua. Yeye misani hakuwahi kufika. Jumapili asubuhi alikuwa akinakili somo letu.

Mzee akaongeza kwamba amesimama nje ya ile posho mill mara tatu, koti likaharibika kwa unga, na amesikia mafundisho sahihi kabisa. Tena wanafunzi wote kumi na wanane wako kwenye rejista ya parokia, maana Aoko alimpelekea jina la kila mmoja wiki aliyolipa. Kwetu alisema ni utaratibu wa ofisi. Watabatizwa Pasaka, na mwalimu wao pamoja nao.

Kim akaenda nyumbani mbio. Aoko alikuwa anachambua sukuma. Hakuinua kichwa.

"Pesa ziko wapi?"

"Nimewarudishia wote," Aoko akasema. "Wakakataa. Wamesema ni mchango wa harusi ya mwalimu. Suti iko nyuma ya mlango, Baba Shirleen. Ijaribu."

Kim alinisimulia mwenyewe kwamba alilibeba begi lake mpaka stage ya matatu, akasimama. Jioni nzima aliogopa kama hajawahi kuogopa polisi. Lakini kila alipotaka kupanda aliwaza yale magoti yanayovutwa pembeni, akaona aibu, na aibu hakuwa amezoea. Akarudi. Suti ilimbana kwapani.

Basi Pasaka tukabatizwa, na Jumamosi iliyofuata Kim na Aoko wakafunga ndoa pamoja na Clare na Sylvance, ambaye mwenye karakana alimpa ruhusa kwa sababu naye alikuwa mwanafunzi wa benchi la tatu. Mimi niliketi nyuma yao. Wakati wa komunyo Aoko alisimama mbele ya watu wote, akaenda, akapokea. Aliporudi alilia bila kujificha, na Kim akampa leso ya kukodi iliyokuja na suti.

Baadaye Aoko akamwinamia mumewe, nami nikasogeza sikio, maana sina haya.

"Father aliniambia tangu mwaka wa pili," akanong'ona. "Hata bila wewe kubatizwa, angemwandikia askofu aombe ruhusa. Tungeoana zamani."

Kim akamkodolea macho. "Sasa mbona hukuniambia?"

"Ungetafuta sababu nyingine."

Kim akavuta koti lililombana kwapani. Sababu nyingine alikuwa nayo tayari tangu mwaka wa tatu, na ilikuwa nzuri sana.