Vibao Visivyojua Kusema Hapana

Shih Kuo-pin alikuwa nyuma kabisa ya mkutano wa kampeni, anakula tambi za bata za bure, aliposikia neno "ghorofa" na tambi zikamkwama kooni.

Jukwaani alikuwa Mwalimu Ouyang, mama mstaafu aliyegombea udiwani. Alitaka kata yao, pale Tainan, ikue kwa akili: majengo yasitambae hadi kwenye mashamba ya mpunga, ghorofa zipandishwe juu ya maduka haya haya ya zamani, na chini watu watembee kivulini. Wenye maduka walipiga miayo. Kuo-pin hakupiga. Hakuna asikilizaye sera kwa makini kama tapeli.

Kesho yake, kizibao cha kung'aa mwilini na futi ya kupimia kiunoni, aliingia kwa Tu A-hsiung, muuza tambi, akijiita mpimaji wa Mwalimu.

"Bosi, Mwalimu akishinda, duka la kwanza kupandishiwa ghorofa ni moja tu. Unadhani nani anachagua?"

"Si yeye?"

"Thubutu! Aambiwe ana upendeleo? Anachagua Babu wa Ardhi."

Hapo nani abishe? Mtaa ule hauhamishi hata kabati kabla ya kumuuliza Babu, mungu mlinzi wa mtaa, hekaluni. Unarusha vibao viwili vya umbo la mwezi mchanga. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, Babu kakubali. Kuo-pin alikuja na vyake. Kimoja kilitiwa uzito wa madini ya risasi mgongoni, kingine tumboni. Neno hapana havikulijua.

"Ndiyo!" A-hsiung aliruka. "Kanichagua mimi!"

"Shii! Wenzio wana wivu. Toa bahasha nyekundu yenye pesa za ramani, ufunge mdomo."

Ikafika sikukuu ya Babu, kila mwenye duka amechaguliwa peke yake, kila mdomo umefungwa, na mkoba wa Kuo-pin umenenepa kama mja mzito.

Ila A-hsiung hakuzaliwa na mdomo wa kufungwa. Asubuhi ya sikukuu alimnong'oneza mgombea: "Asante kwa ghorofa, Mwalimu. Babu kanikubali. Bahasha niliyompa mpimaji wako ilikufika?"

Mwalimu alimvuta pembeni. Likivuma hilo, jina lake na mji wake wa kivuli vyote vinakwenda na maji.

"Ulirusha vibao vya nani?"

"Vyake. Vizuri hivyo! Kila nikirusha, ndiyo."

Mwalimu alikuwa amefundisha watoto watundu maisha yake yote. Akatabasamu.

Siku hiyo ndiyo huchaguliwa Mlezi wa Chetezo: atakayekubaliwa mara nyingi mfululizo kuliko wote hukaa na sanamu ya Babu nyumbani mwaka mzima, na huulisha mtaa kwa mfuko wake. Wote walipokwisha kurusha, Mwalimu alishika kipaza sauti.

"Mpimaji wetu bado! Na arushe vyake, vyetu vimechakaa."

"Mimi mpita njia tu, mama," alisema Kuo-pin.

"Unamkimbia Babu?"

Akarusha. Ndiyo. Akarusha kwa kushoto. Ndiyo. Akageuka, akavitupa kisogoni, akavipiga teke. Ndiyo! Watu walihesabu kwa kelele mpaka hesabu ikawapotea. Angeweza kusema vibao vimechezewa, lakini angeyasema hayo mbele ya wenye bahasha wote.

Akatoka mbio kuelekea stendi ya basi. Mtaa mzima ukamfuata na ngoma, fataki, na Babu mwenyewe kwenye machela.

"Mlezi! Umemsahau Babu!"

Wakamrudisha wamembeba juu juu, mkoba kaukumbatia.

"Jamani, mlezi hana nyumba," alisema Mwalimu. "Tumjengee juu ya duka la A-hsiung. Na fedha naona anazo."

Wenye maduka wakautazama mkoba, wakatazamana. Hakuna aliyethubutu kusema bahasha yangu imo humo. Angeeleza vipi alitaka kuwaruka wenzake? Wakapiga makofi, A-hsiung kuliko wote.

Karamu ililiwa, chumba kikajengwa upesi, Kuo-pin akapandishwa kwa winchi pamoja na Babu. Asubuhi alichungulia dirishani, mvuke wa bata ukimpanda puani. Chini, Mwalimu alikuwa akigawa vipeperushi.

"Mwalimu! Ngazi iko wapi?"

"Ngazi ni awamu ya pili!" Mwalimu alimpungia mkono. "Niombee kura kwa Babu, si mko chumba kimoja?"