Goti la Mjomba Linamsubiri Mjukuu Wangu

Kwa Mshauri wa Kazi na Masomo,
Shule anayosoma mjukuu wangu.

Ndugu Mshauri,

Naomba radhi kwa kutojibu barua zako tatu. Haukuwa uzembe. Barua ya kwanza ilitukuta kwenye kikao cha familia, ya pili ikafika kikao kikiendelea, na ya tatu ndiyo iliyotulazimisha kuanza kikao upya. Mimi ndiye katibu wa vikao hivyo, kwa kuwa nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na minane, na hapa nyumbani hakuna mwingine anayeweza kuandika muhtasari bila kutia maoni yake. Sasa nimeagizwa nikujibu.

Jambo lenyewe linamhusu mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka kumi na sita, ambaye wewe unamwita kwa jina lililomo kwenye daftari la mahudhurio. Sisi tunamwita Daktari. Tulianza kumwita hivyo akiwa na umri wa siku tatu, alipomshika shangazi yake kifundo cha mkono na kukataa kukiachia, kama mtu anayehesabu mapigo ya moyo. Familia yetu haijawahi kutoa daktari, na ilikuwa wazi kwamba zamu imefika. Tangu siku hiyo suala hilo halikujadiliwa tena, kama vile watu wasivyojadili jua lichomoze upande gani. Ijumaa hii anatakiwa kurudisha fomu ya kuchagua masomo, ikiwa na saini ya mzazi au mlezi. Nyumbani kwetu saini ni yangu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Ulimuuliza swali. Kwa maelezo yake mwenyewe, ulimkaribisha ofisini, ukampa kiti, ukamuuliza: "Wewe mwenyewe unapenda nini?" Katika miaka kumi na sita hakuna mtu wa nyumba hii aliyemuuliza hivyo, na si kwamba tulisahau. Mtoto akiulizwa anapenda nini, ataamini kwamba jambo bado liko wazi. Na lililo baya zaidi, baada ya kuuliza ulinyamaza ukasubiri jibu. Ungeuliza kama watu wanavyoulizana hali, huku ukipekua makaratasi yako, naye angesema "sijui", na leo tungekuwa na amani.

2. Alikujibu kwamba anataka kuwa fundi wa lifti, nawe ukaliandika jibu hilo kwa kalamu ya wino. Nakiri kwamba chanzo ni mimi. Nilimpeleka hospitalini azoee harufu ya dawa, na lifti ikakwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne kwa dakika hamsini, muda ambao niliutumia kumweleza heshima ya udaktari. Kisha mwanamke mmoja mwenye ovaroli akafungua mlango kwa ufunguo, kwa utulivu wa mtu anayefungua kabati la vikombe. Mjukuu wangu alimuuliza maswali mengi hivi kwamba wodi nilizungushwa peke yangu. Mtu mwenye busara angeona kwamba mtoto amepata mshtuko. Wewe ulisema umeona kipaji.

3. Umeandika kwamba Daktari huzimia akiona sindano, na kwamba familia ingefaa kulitafakari jambo hilo. Tumelitafakari. Sindano ina pande mbili, na daktari hushika ule usiochoma. Hoja yako haina msingi.

4. Hukuwafikiria wagonjwa. Mjomba wake analihifadhi goti lake tangu mtoto alipokuwa darasa la tatu. Amewakatalia madaktari wawili waliotaka kulitibu, kwa sababu hataki kumfungulia goti mtu asiyemjua. Amelipumzisha, amelipaka mafuta, ameacha kucheza mpira, na kila mwaka humuuliza mpwa wake amefika darasa la ngapi. Shangazi naye anayo masikio yanayovuma, ameyatunza kwa miaka sita. Bibi yake anamngojea kwa ajili ya meno. Tulipomweleza bibi kwamba daktari wa meno ni mwingine, alisema mtoto ana akili, atasomea yote mawili. Naomba unijibu kwa maandishi: goti hilo sasa lipelekwe kwa nani? Lifti haina dawa ya goti. Mjomba mwenyewe alisema, kwa uchungu, kwamba kitu pekee atakachofaidi ni kutopanda ngazi. Nimeliacha neno hilo nje ya muhtasari, maana baadhi ya wajumbe walianza kuitikia kwa vichwa.

5. Siku mliyoiita ya kushinda kazini ulimpeleka kwa yule yule mwanamke wa ovaroli, kwenye jengo la ghorofa tisa. Alirudi na grisi mpaka kwenye nyusi. Tukiwa mezani akatueleza kwamba nyuma ya ukuta kuna chuma kizito kinachoshuka kila chumba cha lifti kinapopanda, kwamba kamba moja tu ingetosha lakini zinafungwa tano au sita, na kwamba ukijua kusikiliza, lifti yenyewe hukwambia pale inapoumia. Alizungumza kwa muda wa dakika arobaini. Nilitazama saa. Ndugu Mshauri, huyu ni mtoto ambaye tangu azaliwe hutujibu mezani kwa "ndiyo, babu" na "hapana, babu", na tulikuwa tukisifiwa kwa ajili hiyo. Chakula kilipoa. Hakuna aliyemkatiza, hata mimi, kwa sababu nilitaka kujua zile kamba nyingine ni za nini.

6. Swali lako linaambukiza. Baba yake, ambaye ni mwanangu, ni mpima ardhi mwenye miaka ishirini na miwili kazini. Daktari alimgeukia pale pale mezani, bila ujeuri wowote, akasema: "Baba, na wewe ni nani aliyekuuliza unapenda nini?" Mwanangu akatafuna tonge moja kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Asubuhi nilimkuta uani akiwa na vigingi vyake vya kazini, akipima mahali pa kuweka mizinga ya nyuki. Mkewe alikuwa amemshikia kamba, na alikuwa akicheka.

Kwa hiyo familia inakuomba yafuatayo. Kwanza, swali hilo uliondoe kwenye madodoso yako, au angalau uliweke mwisho, baada ya mtoto kuchoka. Pili, umwite mjukuu wangu umwambie kwamba lifti zinafutwa na kwamba majengo yote yatakuwa ya chini. Ukiona dhamiri yako haikuruhusu, tuko tayari kukubaliana nawe: afanye kazi kwenye lifti ya hospitali, avae koti jeupe juu ya ovaroli, na sisi turuhusiwe kuendelea kumwita Daktari bila kuulizwa ni wa nini. Pendekezo hilo la mwisho lilipita kwa kura tano dhidi ya moja. Aliyelipinga ni mwenye goti.

Nifikishie salamu kwa mwalimu mkuu, kwa walimu wa fizikia na biolojia bila upendeleo, kwa mlinzi wa lango aliyenipa kiti siku nilipokuja hapo shuleni, na kwa yule mwanamke wa ovaroli, ambaye sina ugomvi naye binafsi.

Ni mimi, kwa masikitiko na kwa niaba ya familia,

Babu wa Daktari,
Karani wa Mahakama Mstaafu

Tanbihi: Ndani ya bahasha utaikuta fomu ya masomo. Nimeitia saini. Masomo amejaza mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, na sikuona cha kusahihisha. Pia nimerudisha dodoso la wazazi na walezi, ambalo nililijaza kwa nia ya kuonyesha kasoro zake. Nilipofika pale panapouliza mlezi mwenyewe alipenda kazi gani alipokuwa na umri huo, nilikaa nalo siku tatu. Ukarani alinichagulia babu yangu kwa sababu nilikuwa mtoto mkimya. Basi naomba unipangie nafasi Jumanne, saa nne, bila kuwajulisha watu wa nyumbani. Ninasita kati ya kupiga tarumbeta na kuoka mikate. Nina miaka sabini na mitatu na sitaki kuharakishwa; nitakapoamua, nitakuandikia.