Kamati ya Kuchunguza Asili ya Blur

Wananchi wa Ruangwa na Nachingwea, tembeeni vifua mbele. Uchunguzi wa neno la Kiingereza "blur" umekamilika. Mimi ndiye katibu wa kamati, kwa hiyo habari hii imetoka jikoni.

Chanzo ni Bi Hajra wa Mandawa. Mikorosho yake imeshatoa maua, ugonjwa wa ubwiriunga umeanza kuyala, na salfa ya ruzuku ya kuutibu hapewi mtu bila kitambulisho cha mkulima chenye picha. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mheshimiwa Yasini, alimpiga picha kwa kishikwambi cha ofisi huku akitafuna korosho za kukaanga. Mfumo wa usajili ukaikataa picha ukaandika: blur.

"Basi nipigeni nyingine," alisema Hajra.

"Mama, tusikurupuke," alijibu Mheshimiwa. " Hatutibu jambo tusilolijua asili yake. Mwenye blur asihudumiwe kwanza. Iundwe kamati."

Tukafunga safari hadi Ruponda kwa Mwalimu Edwin, mstaafu wa Kiingereza. Akatueleza kwamba blur ni kitu kuonekana bila kutambulika. Karne ya kumi na sita lilimaanisha doa linaloziba kilicho chini yake. "Kama mafuta ya vidole kwenye kioo," alisema. Hilo tuliona halituhusu. Huenda pia lina undugu na neno la macho yenye machozi, ila Waingereza wenyewe hawana hakika lilikotoka.

"Halina hata barua ya utambulisho ya kitongoji!" Mheshimiwa alishtuka.

Baada ya ripoti, Mheshimiwa, ambaye naye ana mikorosho, alijipiga picha ya kitambulisho kwa kishikwambi kilekile.

Siku ya mgao, Zulfa, mtunza ghala la salfa, alimtazama kwenye mfumo. "Una blur. Huhudumiwi."

"Zulfa! Si unanijua?"

"Hata Hajra namjua. Ni shangazi yangu."

Mheshimiwa akatoa agizo papo hapo: anayetambuliwa na majirani apewe, picha baadaye.

Foleni nzima ikapiga kelele kumtambua Hajra. Akajitwika mfuko wake wa salfa.

"Na huyu je?" Zulfa aliuliza. "Nani anamtambua?"

Lubasha, mfugaji aliyehamia kwetu kutoka Kanda ya Ziwa, alikohoa kidogo. "Barua ya kitongoji anayo? Mimi niliombwa."

Mheshimiwa akanigeukia mimi. Nikaangalia viatu vyangu.

Hajra akasimama, mfuko kichwani, akamkazia macho kwa muda mrefu.

"Mtu namwona," alisema. "Ila tusikurupuke, jamani. Iundwe kamati."