Watu wa Nyota na Goti la Mama Annuarite

Alhamisi, tarehe 6 mwezi wa sita, 2013
Nimetoka Lilongwe, soko la Old Town, na CD ya mafundisho. Ukweli wote umo! Piramidi hazikujengwa na watu. Walishuka watu wa nyota na vyombo vya moto. Ezekieli aliwaona, gurudumu ndani ya gurudumu, maskini akafikiri ni malaika. Mi nilifika sekondari ya pili, nilielewa mara moja. Kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka imelala. Nani ataiamsha?

Ijumaa, tarehe 7
Nimemfundisha Odette, mchumba wangu. Akauliza, kama Waafrika walishindwa piramidi, kanisa letu walijenga batu ba nyota ao baba yake? Wivu wa elimu! Akanionya nisithubutu kuyasema kanisani Jumapili. Baba yake, Mzee Zihindula, amekubali kunipa binti kwa sababu moja tu: mi njo mkalimani wa kanisa. Nimeahidi. Ahadi ni ahadi. Lakini sayansi nayo ni sayansi.

Jumapili, tarehe 9
Mhubiri mgeni, Mmalawi wa Area 25 kule Lilongwe. Kiswahili hajui hata neno "karibu". Na akafungua Ezekieli mwenyewe! Akasema kwa Kiingereza, sentensi moja, gurudumu ni utukufu wa Mungu. Mi nikatafsiri kirefu: chombo, moshi, marubani, kofia za kioo. Amina zikatikisa mabati! Mhubiri akatabasamu, akadhani ni zake.

Kisha Mama Annuarite akasimama. Akataka nimuulize mhubiri: hao batu ba nyota, Yesu alibafia nabo, ao biko na Yesu wao? Balaa! Mhubiri hakutaja nyota hata moja. Nikamwambia mhubiri kwamba mama anaomba maombi, goti linamuuma. Akashuka, akalishika goti, akakemea pepo. Mama akapiga kelele kwamba goti lake ni zima, ajibiwe juu ya Yesu! Raphaël, mwalimu wa Kiingereza, akacheka mpaka benchi likaanguka. Kisha akamweleza Mzee Zihindula kila kitu. Msaliti.

Jumatatu, tarehe 10
Wazee wa kanisa wameketi, wameamua. Nitubu Jumapili mbele ya wote, basi, kazi yangu itabaki na ndoa itabaki. Odette ameniomba kwa machozi niseme "nilikosea", halafu nikae. "Neno moja tu, papa, nakusihi," alisema.

Jumapili, tarehe 16
Nimetubu vizuri ajabu! Neno moja, nikakaa. Watu walilia. Mama Annuarite akaja kunikumbatia, akaninong'oneza: na ule Yesu wao? Mi si mtu wa kuacha mama na kiu. Nikarudi kwenye mikro, kile kipaza sauti cha kanisa. Nilipofika kwa nyota ya Betlehemu na nani alikuwa anaiendesha, Mzee Zihindula akazima jenereta.

Jumatatu, tarehe 17
Asubuhi nimekuta mbuzi wangu wa mahari amefungwa mlangoni. Wamemrudisha. Na amenenepa! Watu wema sana. Odette amepita na ndoo, macho mekundu, hakusalimia. Baridi ya mwezi huu itamuua, nimemtumia shali ya marehemu mama yangu.

Nimejifunza kitu kimoja: ukweli haufai kutegemea jenereta. Kesho naenda Biwi, kule Lilongwe. Kuna kanisa linatafuta mkalimani, na umeme wao ni wa waya.