Dama ya Kuchezwa kwa Vidole

Hakuna seremala aliyewahi kupima mbao mara nyingi na kukosea mara nyingi kama Injinia. Jina hilo alijibatiza mwenyewe, siku alipotengeneza kigoda cha miguu mitatu kilichokusudiwa kuwa na minne.

Safari hii jambo lilikuwa zito. Shangazi yake, asiyeona tangu ujana, hakuwa amecheza dama tangu Mola alipomchukua mumewe. Miaka thelathini wawili hao walicheza kila alasiri: mume akihamisha kete na kutaja kila hatua, mke akiuweka ubao mzima kichwani. Sasa mama wa watu alikaa tu, vidole vikitembea juu ya meza tupu. Injinia akaapa kumtengenezea dama ya kuchezwa kwa vidole, na akatangazia mtaa mzima kwamba akishindwa, avuliwe jina.

Ubao wa kwanza aliubandika msasa kwenye viraba vyeusi. Shangazi aliupapasa mara moja, akaomba mafuta ya kupaka vidoleni. Wa pili ulikuwa laini kama shavu la mtoto, ila kila ulipoguswa, kete zilihama kama wapangaji waliosikia hodi ya mwenye nyumba.

Wa tatu sasa! Viraba vyeusi vimeinuka, vyeupe vimezama, kila kiraba kina tundu na kila kete ina kijiti cha kuchomeka. Tetemeko la ardhi lingeupita likiomba radhi.

Shangazi akaupapasa, akatabasamu. Akapapasa kete. Akazipapasa tena.

"Mwanangu, zangu ni zipi?"

"Nyekundu, Shangazi. Nimezipaka rangi mara tatu."

Pembeni, cherehani ya binti wa Shangazi ikanyamaza.

Unadhani Injinia alikubali kosa? Alisema kete hizo huhisiwa kwa moyo, mwenye kipaji atazijua tu. Shangazi akamwomba kwa upole ajifunge kitambaa machoni, amwonyeshe hicho kipaji. Akajifunga. Akapapasa, akaruka, akala kete ya kwanza, ya pili, na ya tatu akajipigia makofi.

"Kaka," binti akasema, "unajila mwenyewe."

Shangazi akaomba uzi. Akauzungusha kwenye shingo za kete zake kumi na mbili, moja baada ya nyingine, kisha akamruhusu Injinia afungue macho, maana ni mtu wa huruma. Wakacheza michezo minne. Injinia alifungwa minne, macho makavu yakiwa wazi.

Mchezo wa tano akaona heri ajipe msaada. Shangazi alipogeuka kupiga chafya, akachomoa kete moja yenye uzi, akaikalia.

Shangazi akajifuta pua, akapitisha mkono ubaoni mara moja tu, kisha akanyoosha kiganja.

"Inuka, uilete. Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniibia mbili kila mchezo, na bado nilimfunga. Wewe unaniibia moja, tena kwenye ubao uliounda mwenyewe ili nione."

Injinia akainuka kidogo, akairudisha ikiwa na joto lake. Akauliza kwa sauti ndogo kama jina lake ndiyo basi tena.

"Jina baki nalo," Shangazi akasema. "Panga kete upya. Miezi minane sijapata mtu wa kumkemea."