Okidi ya Mama Getruda

Jamani, leo nimepatikana. Pangekuwepo pa kujificha hapa Mhunze, barua hii ningeiandikia huko.

Ninyi mlioko Mwanza mnakumbuka nilivyowasimulia habari za Getruda, binti ninayetaka kumwoa. Mama yake ni muuguzi wa zahanati, mama mkali, anakudunga sindano huku anakuuliza umeoga lini. Alipokwenda likizo Tabora aliniachia ua lake, linaitwa okidi. Alipewa na mke wa mhandisi mmoja wa mgodini walipokuwa wanarudi kwao Ulaya. "Ulitunze kama mtu," akaniambia. Wazee wangu wanataka kupeleka posa kwake. Nikajua hapa ninapimwa.

Nikalitazama lile ua. Limekaa kwenye vipande vya magome na mkaa, udongo hakuna hata wa dawa! Nikalionea huruma. Mimi mtoto wa mkulima, niache kiumbe kife njaa? Nikalihamishia kwenye kopo la samli, nikashindilia udongo mweusi wa mbugani na samadi ya zizini, nikalimwagilia asubuhi na jioni. (Pamba ingenishukuru.) Haikuchukua muda, majani yakageuka njano na kulegea.

Juzi Getruda alikuja, akaliona, akapiga ukelele. "Umelizika! Mizizi yake inataka hewa!" Tukalitoa, tukakata mizizi iliyooza kwa wembe, tukalirudisha kwenye mkaa na magome yake. Akaniagiza lisipate jua wala upepo, maji kidogo tu, ila hewa ya pembeni iwe na unyevu. Unyevu, kiangazi hiki, na upepo wa Mhunze! Nikaona njia ni moja. Nikaliweka kitandani kwangu, nikashusha chandarua, nikakizungushia khanga zilizoloanishwa. Mimi nikahamia chini kwenye mkeka.

Sasa leo ni siku ya kujitolea, kijiji kizima kinafyatua matofali ya darasa jipya. Nikienda, nani ataloanisha khanga? Asubuhi akapita Mzee Masanja, balozi wetu wa nyumba kumi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona hujatoka?"

Nimwambie nauguza ua? Mimi, karani wa pamba? Mdomo ukajisemea wenyewe: "Nina mgonjwa ndani, mzee. Bibi yangu ameletwa kutoka Ushirombo."

"Pole sana, baba. Baki naye."

Nikafurahi! (Mjinga mimi.) Nilisahau kwamba hapa kwetu ukisema una mgonjwa, umeshaita watu.

Mchana walipomaliza matofali wakaja wote, matope miguuni. Mama Kulwa, jirani yangu, na sufuria ya uji. Mwingine na kuku. Katekista na rozari yake. Wakakaa uani wakiongea kwa sauti ya chini, kwa heshima ya bibi.

"Amelala," nikasema, nimesimama mlangoni.

"Tutamwona hivyo hivyo," akasema Mama Kulwa.

"Hataki kelele."

"Kwani tumekuja kuimba?"

Nilikuwa bado natafuta uongo wa pili nikasikia mtu anasema, "Afadhali, nesi huyo!"

Mama Getruda! Ameshuka garimoshi Shinyanga, amepanda lori la pamba, na hata hajaweka mzigo chini akaambiwa mkwe mtarajiwa ana bibi mahututi. Vumbi kichwani, mkoba wa dawa mkononi.

"Pole, mwanangu. Homa imeanza lini?"

Akanisogeza kwa kiwiko, akaingia, na watu wote nyuma yake. Akapiga magoti kando ya kitanda, akapitisha mkono chini ya chandarua, taratibu, akitafuta mkono wa bibi apime mapigo.

Akashika jani.

Akafunua chandarua. Okidi hiyo, imeegemea mto wangu. (Ndiyo, niliiwekea mto.)

"Bebe!" akashangaa Mzee Masanja kwa Kisukuma. "Huyu ndiye bibi wa Ushirombo?"

Mama Kulwa alikaa chini sakafuni akishika tumbo. Katekista alitoka nje haraka, mabega yanatikisika. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Mama Getruda peke yake hakucheka. Akachungulia mizizi, akanusa.

"Ulitia samadi."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe unalala wapi?"

"Chini, mama."

Akaniangalia, akaniangalia, nikaona posa yangu inaondoka hivi hivi.

"Ua litapona," akasema. "Wewe ndiye sijui. Libaki hapa hapa kitandani. Siku litakapotoa jani jipya, wazee wako waje."

Tafadhali, jamani, msicheke. Nawaombeni sala: harusi yangu inangoja jani.